Amana Iliyo Ndani ya Chungu

Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe uliopandwa katika chungu kipana kisicho na kina. Ni mfupi kiasi cha kuwekwa juu ya meza, lakini shina lake ni nene kuliko paja la mtu mzima, na gome lake limepasuka magamba kama la mti mkongwe wa mlimani. Ulianza kulelewa chunguni mwaka 1625.

Msonobari si mgeni kwetu. Aliyepita Sao Hill, kule Mufindi, ameiona jamii ya mti huu imepangwa safu kwa safu, ikikimbilia juu na kungoja msumeno. Huko thamani ya mti ni mbao, na mbao hazina subira. Huu wa Washington una hesabu nyingine: thamani yake ni miaka iliyotumika kuuzuia usirefuke, na idadi ya watu waliokubali kuutumikia wakijua kwamba watakufa wauache. Kitu kilicho mkononi mwako lakini si chako, Waswahili wanakiita amana.

Sanaa ya kulea miti hivyo, yaani bonsai, ina historia ndefu, na ndani yake msonobari umekaa kiti cha mbele. Ukiifuata historia hiyo hatua kwa hatua, utaona jambo moja likijirudia: kila mwenye mti alipoanguka, kwa vita, kwa moto au kwa kupinduliwa, mti uliingia mikono mipya, na mikono hiyo ikabuni njia mpya ya kuulea.

Mwaka 706: milima ndani ya sinia

Ushahidi wa kale unaotajwa sana umo kaburini. Mwaka 706, China ikiwa chini ya nasaba ya Tang, mwanamfalme Li Xian, aliyepewa cheo cha Zhanghuai, alizikwa upya katika makaburi ya kifalme ya Qianling. Kwenye kuta za kaburi lake wachoraji waliwachora watumishi waliobeba vyombo, na katika chombo kimojawapo mna mawe na vimea vidogo, mandhari nzima ya mlima iliyopunguzwa ikaenea mikononi.

Wachina walikuwa wakitafuta kuuingiza mlima nyumbani. Kwa msomi aliyefungwa na kazi za serikali mjini, sinia lenye jiwe na mti lilikuwa njia ya kutembea bondeni akiwa amekaa. Na katika miti yote, msonobari ulimvuta zaidi kwa sababu haupukutishi majani wakati wa baridi. Pamoja na mwanzi na mplamu unaochanua kwenye theluji, ulihesabiwa miongoni mwa marafiki watatu wa majira ya baridi: wale wasiokukimbia mambo yanapoharibika.

Kati ya karne ya 7 na ya 9, Japani ilituma mabalozi, watawa na wanafunzi China mara kwa mara. Walirudi na dini, maandishi, sheria na ufundi, na utamaduni wa miti ya chunguni nao ukavuka bahari. Hati ya picha ya hekalu la Kasuga, iliyotolewa mwaka 1309, inaonyesha miti midogo katika vyombo kwenye makao ya mkuu. Kufikia hapo haikuwa tena zawadi ya kigeni. Ilikuwa sehemu ya nyumba.

Japani msonobari uliikuta heshima yake ikiungoja. Huko watu waliamini kwamba miungu huushukia mti huo, na mpaka leo matawi yake huwekwa mlangoni kuukaribisha mwaka mpya. Kila jukwaa la No, tamthilia ya jadi ya Kijapani, lina msonobari mmoja mkubwa uliochorwa kwenye ukuta wa nyuma, hata mchezo wenyewe uwe unahusu bahari au vita.

Usiku wa theluji

Ni katika tamthilia hiyo ndipo tunapopata kisa kinachoonyesha jinsi Wajapani wa zama za kati walivyoithamini miti yao. Mchezo unaitwa Hachi no Ki, maana yake miti ya chunguni. Askari mmoja wa Sano, aliyedhulumiwa mashamba yake na jamaa zake, anabishiwa hodi usiku wa theluji na mtawa msafiri. Hana kuni. Kilichobaki cha enzi yake ni miti mitatu chunguni: mplamu, mcheri na msonobari. Anaikata, anaikoka moto, mgeni anapata joto.

Mtawa yule alikuwa Hojo Tokiyori, aliyewahi kuitawala Japani katika karne ya 13 kwa niaba ya shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, akitembea kwa kujificha. Baadaye alimrudishia askari mashamba yake na kumwongezea vijiji vitatu, ambavyo majina yake yalibeba majina ya ile miti mitatu.

Iwe kilitokea au hakikutokea, kisa hiki kisingewaliza watazamaji kama miti ile ingekuwa pambo la bei rahisi. Lakini kinatuonyesha pia kitu kingine. Mchezo wenyewe unasema kwamba msonobari wake askari aliupinda matawi na kuupunguza majani. Zama hizo mti mara nyingi ulichukuliwa porini ukiwa tayari umepindishwa na upepo na mawe, kisha ukatunzwa. Fundi alikuwa bado mlinzi zaidi, lakini uchongaji ulikuwa umeanza.

1603–1868: kamba, mianzi na kipindi kirefu cha amani

Mwaka 1603 ukoo wa Tokugawa ulishika ushoguni na kuifanya Edo, Tokyo ya leo, kuwa makao yake. Ikafuata amani ya zaidi ya miaka 250. Shoguni wa tatu, Iemitsu, aliyetawala kuanzia 1623 hadi 1651, alikuwa mpenzi mkubwa wa miti ya chunguni. Msonobari wa sindano tano unaosemwa kuwa ulikuwa wake bado upo katika hazina ya ikulu ya mfalme mjini Tokyo, na unaitwa kwa cheo chake: Msonobari wa Shoguni wa Tatu.

Mchango mkubwa zaidi wa Iemitsu, hata hivyo, ulitokana na amri ya kisiasa. Mwaka 1635 alithibitisha kwa sheria kwamba mabwana wa majimbo wawe wanakaa Edo kwa zamu, na familia zao zibaki hapo daima. Nia ilikuwa kuwadhibiti. Matokeo yake yalikuwa majumba mengi makubwa katika mji mmoja, kila jumba likitaka bustani ya kumshinda jirani. Vijiji vya pembeni kama Somei na Komagome vikajaa watunza bustani. Ufundi wa miti ukawa biashara ya kurithishana baba na mwana, wateja wakiwa hapo hapo mlangoni.

Mafundi hao sasa waliupeleka mbele ufundi wa kuugeuza mti kwa mikono. Hawakuwa na waya. Walitumia kamba za nyuzi na vijiti vya mianzi: tawi linafungwa kamba, linavutwa chini, linafungiwa kwenye ukingo wa chungu, na linaachwa hapo mwaka au zaidi mpaka lisahau lilikokuwa likielekea. Kamba huvuta upande mmoja tu, kwa hiyo mikunjo ilikuwa mikubwa na ya wazi. Wafanyabiashara wa Edo waliuza misonobari iliyoviringishwa shina na matawi kama mikono ya pweza, na mtindo huo ukaitwa kwa jina la pweza.

Mwanzoni mwa karne ya 19 wasomi wa Kyoto na Osaka, waliokuwa wakisoma mashairi na michoro ya China, waliuchoka upweza huo. Walipenda msonobari mwembamba, mrefu kidogo, wenye majani machache karibu na kilele, kama mtu aliyekonda kwa kusoma. Pamoja na ladha hiyo walilipa nguvu neno la Kichina ambalo Wajapani hulitamka bonsai, yaani kilichopandwa katika sinia, badala ya jina la kawaida la mti wa chunguni.

Wakati huo huo, kusini kwenye kisiwa cha Shikoku, wakulima wa Kinashi na Kokubunji, karibu na Takamatsu, walianza kutoa misonobari ya pwani na kuipanda vyunguni wauze. Eneo lao lina mvua chache na udongo wa kichanga usiotuamisha maji, hali ambayo msonobari huipenda. Polepole wakaacha kutegemea pori, wakaipanda shambani kwa safu kama mazao mengine. Mpaka leo sehemu kubwa ya bonsai za msonobari za Japani hutoka huko.

1868–1923: waya wa shaba

Mwaka 1868 utawala wa mashoguni uliporomoka. Mabwana wa majimbo walipoteza mamlaka, majumba yakauzwa, na miti iliyolelewa kwa vizazi ikajikuta sokoni. Wanunuzi walikuwa tabaka jipya: wanasiasa, wenye viwanda, wenye mabenki. Okuma Shigenobu, aliyekuwa waziri mkuu mara mbili, alikuwa miongoni mwa wapenzi wake wakubwa. Kilichokuwa fahari ya ukoo kikawa alama ya mtu aliyefanikiwa, na neno bonsai, lililokuwa la wasomi, likawa la kila mtu.

Wakubwa hao walitaka miti mikongwe, na njia ya mkato ya kuupata ukongwe ilikuwa kupanda milimani. Wawindaji wa miti walikwea milima ya Azuma huko Fukushima na mlima Ishizuchi wa Shikoku, wakarudi na misonobari myeupe iliyoishi kwenye nyufa za miamba. Lakini mti wa namna hiyo una matawi magumu, yaliyokwisha kuamua yanakokwenda. Kamba na mianzi havikutosha.

Viwanda vilivyowatajirisha wanunuzi ndivyo vilivyoleta jibu: waya. Mafundi waliichoma shaba motoni hadi ikalainika, wakaizungusha kwenye tawi kwa mshazari, kisha wakalipinda tawi taratibu kwa vidole gumba. Shaba hiyo ina tabia moja nzuri: ikishapindwa inakuwa ngumu, hairudi. Kwa kamba unavuta tawi upande mmoja. Kwa waya unaliongoza popote, kushoto, chini, mbele, na kila kijitawi unakiweka mahali pake. Huo ndio mwanzo wa sura tunayoijua leo, yenye matawi yaliyotandazwa kama mawingu, nafasi zikiachwa makusudi kati yake.

Waya ulileta adabu yake pia. Msonobari hufungwa zaidi kuanzia mwishoni mwa vuli hadi wakati wa baridi, utomvu ukiwa umepungua kasi. Ukiuacha waya ukapitiliza, tawi linanenepa na kovu linabaki miaka. Na kosa lisilosameheka ni kukata tawi mpaka mahali pasipo na majani. Miti mingi ikikatwa huchipua popote. Msonobari hauchipui kwenye mti mtupu, tawi hilo hufa. Kwa hiyo fundi wa msonobari, kabla ya kushika mkasi, hutafuta kwanza kijani kilicho karibu na shina, na hicho hukilinda kuliko kitu chochote.

1923: moto wa Tokyo

Tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, tetemeko kubwa liliipiga Tokyo. Watu walikuwa wakipika. Majiko yaliyopinduka yaliwasha nyumba za mbao, moto ukatembea mitaani, na watu zaidi ya 100,000 wakapoteza maisha katika mji huo na majirani zake.

Watunza bonsai wengi wa Tokyo waliishi katika mitaa iliyosongamana. Baada ya maafa, baadhi yao waliamua kuondoka kabisa, watafute mahali penye hewa, maji mazuri na nafasi. Wakapapata Omiya, kaskazini mwa mji, na mwaka 1925 kijiji chao kikazaliwa. Mwaka 1928 wakazi walijiwekea masharti: anayeishi hapa awe na bonsai zisizopungua kumi, milango iwe wazi kwa wageni, nyumba isiwe ya ghorofa, uzio uwe wa mimea.

Masharti hayo yaliibadilisha sanaa kuliko inavyoonekana. Kwanza, jua halikuzibwa, na msonobari bila jua hurefusha sindano na kudhoofika. Pili, mafundi waliokuwa washindani waliotawanyika mjini walikuwa sasa majirani, kila mmoja akiuona mti wa mwenzake asubuhi na kuuliza umefanyaje. Tatu, milango iliyo wazi iliwafanya watu wa kawaida waone kazi ambayo awali ilikaa nyuma ya kuta za matajiri. Mwaka 1934 yalianza maonyesho ya Kokufu katika jumba la sanaa la Ueno, mjini Tokyo. Msonobari ulikuwa umeingia nyumba moja na picha na sanamu.

1945: ukuta wa Hiroshima

Kisha vita. Chakula kilipokuwa haba, kumwagilia mti usiozaa kitu kulionekana anasa, na miti mingi ilikufa kwa kukosa mtu tu: waliojua kuitunza walikuwa jeshini au makaburini.

Mjini Hiroshima, kiasi cha kilomita 3 kutoka mahali bomu la nyuklia lilipolipuka asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, familia ya Yamaki ilikuwa na kitalu cha bonsai. Vioo vya nyumba vilipasuka, vipande vikawakata waliokuwa ndani, lakini wote walinusurika. Nje, nyuma ya ukuta mrefu, ile miti ilisimama vyunguni. Miongoni mwake ulikuwamo msonobari mweupe, wa asili ya kisiwa cha jirani cha Miyajima, ambao tayari ulikuwa na miaka 320 ya malezi. Mji uliokuwa ukiuzunguka uliungua. Wenyewe ulibaki unahitaji maji kama siku nyingine.

Baada ya vita: mkasi wa Juni

Japani iliyoshindwa ilijaa askari wa Marekani, na baadhi yao walitaka kujua miti hii midogo ni nini. Fundi kijana Yuji Yoshimura alianza kuwafundisha wageni mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1957 kitabu chake cha Kiingereza, alichokiandika na Giovanna Halford, kiliufikisha ufundi huo kwa watu ambao hawajawahi kumwona mwalimu.

Nyumbani, nusu ya pili ya karne ilikuwa zama za msonobari mweusi. Mti huu wa pwani ni shupavu na gome lake ni zuri, lakini sindano zake ni ndefu mno kwa mti wa mezani. Dawa iliyokomazwa na mafundi wa karne ya 20 inaonekana kama ukatili. Chipukizi zote za majira ya kuchipua, zilizosimama wima kama mishumaa, hukatwa kabisa mwezi Juni au Julai. Mti wenye afya hujibu kwa kutoa chipukizi za pili, na kwa kuwa siku za joto zilizobaki ni chache, sindano zake huishia fupi.

Ustadi umo katika mpangilio. Chipukizi dhaifu hukatwa kwanza, zenye nguvu hungoja siku kadhaa, ili wanyonge watangulie kuota na wenye nguvu wakose muda wa kuwameza. Vuli ikifika, sindano za zamani hunyofolewa, nyingi zaidi kileleni kuliko matawi ya chini, mwanga ushuke ndani. Msonobari mweupe hautendewi hivyo. Hauna nguvu za kuchipua mara mbili, na fundi huufinya ncha tu. Asiyejua tofauti hiyo ataua mti wa miaka mia kwa mchana mmoja.

1976–2001: zawadi isiyosema

Marekani ilipokuwa ikijiandaa kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wake, Wajapani waliamua kuipa zawadi ya bonsai 53. John Creech, mkuu wa bustani ya taifa ya miti ya Washington, alikuwa ameisukuma hoja hiyo kwa upande wa Marekani. Ikulu ya mfalme ilitoa msonobari mwekundu. Masaru Yamaki, mtu mashuhuri katika jumuiya ya bonsai, alitoa ule msonobari mweupe wa nyumbani kwake. Mwaka 1975 miti ilisafirishwa kwa ndege, ikakaa karantini Maryland kwa kuhofia wadudu na magonjwa, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi.

Yamaki hakuuandikia mti wake kibao cha historia. Wamarekani waliupokea kama mti mkongwe mzuri, wakauwekea jina la mtoaji, wakaumwagilia robo karne nzima.

Mwezi Machi 2001, ndugu wawili kutoka Japani walifika kwenye bustani ile wakiuliza habari za mti wa babu yao. Walikuwa wameusikia nyumbani maisha yao yote. Ni wao waliosimulia: Hiroshima, ukuta, asubuhi ile ya Agosti. Waliokuwa wakiutunza ndipo walipoelewa kwamba zawadi ile ilitoka kwa mtu aliyepigwa bomu na nchi aliyoipa.

Mti wenyewe haukuwa na alama ya kuonyesha. Sindano ya msonobari mweupe huishi miaka michache, ikaanguka. Hakuna hata moja iliyokuwapo mwaka 1945 ambayo wajukuu wale wangeweza kuigusa, na vijitawi vingi babu yao alivyovipinda vilikwishapunguzwa na mikasi mingine. Mwaka 1625 fundi ambaye jina lake hatulijui aliuchukua mti mchanga. Waliofuata walikata, wakapinda, wakabadilisha udongo, na kila mmoja akafuta sehemu ya kazi ya aliyemtangulia ili mti uendelee kuishi. Kilichobaki ni shina na mwelekeo wake. Hicho ndicho Yamaki alichokikabidhi, na wajukuu wake walipoondoka Washington, mtu mmoja alibaki bustanini na kazi ya kuumwagilia.